Mtoto wa Fomu Tatu

Benchi la Maman Monique limekaa pale ngazi za Kadutu zinapopinda kabla ya kushuka sokoni, mahali ambapo anayepanda hutafuta pumzi na anayeshuka hutafuta kisingizio cha kuchelewa. Ni ubao mmoja juu ya matofali. Monique huweka pale thermos mbili za kahawa ya tangawizi, bakuli la karanga na gobeleti sita, na kabla ya saa mbili asubuhi ubao unakuwa umejaa watu walewale. Jean-Baptiste, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, anaitwa Préfet ingawa hajawahi kuwa mkuu wa shule yoyote. Théodore, fundi nguo, anaitwa Centimètre kwa ajili ya tepu ya kupimia anayoivaa shingoni hata akienda kanisani. Chrispin, dereva wa pikipiki ya abiria, ambayo hapa huitwa moto, anaitwa Bila Frein, yaani bila breki, na hapo hapahitaji maelezo. Jumamosi hiyo walifika mapema kuliko desturi yao, na hakuna aliyeomba karanga.

— Tusemeshane ukweli, alianza Centimètre. Nani mwingine alijaza fomu ya Projet?

— Miye nilijaza, akasema Bila Frein. Njo kosa?

— Haiko kosa. Juu miye pia nilijaza.

Wote wawili wakamgeukia Monique. Yeye alikuwa anamimina kahawa, na aliendelea kumimina mpaka gobeleti ikajaa hadi ukingoni.

— Hata miye, akasema.

Habari yenyewe ilikuwa imebandikwa tangu jana mlangoni mwa parokia. Shirika ambalo Kadutu nzima huliita Projet, bila kuongeza neno, lilikuwa na nafasi thelathini za watoto wasio na wazazi: karo, matibabu, sare na viatu mpaka mtoto amalize shule ya msingi. Kwenye orodha hiyo, namba kumi na nne alikuwa Sagesse. Namba kumi na tisa alikuwa Sagesse. Namba ishirini na saba alikuwa Sagesse. Pembeni mtu alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu kwamba majina hayo matatu yamesimamishwa, kwamba mkaguzi atakuja Jumamosi saa nne, na kwamba ikiwa mambo hayaeleweki kufikia saa sita mchana, yote matatu yatafutwa na nafasi zitapewa watoto wengine.

Sagesse alikuwa mmoja tu. Alikuwa msichana wa miaka tisa, au karibu na hapo. Mama yake, Valérie, aliuza sambaza, dagaa wa ziwani, kwenye ngazi hizohizo mpaka ugonjwa ulipomlaza miaka miwili iliyopita. Baba yake alikwenda Shabunda kuchimba dhahabu na hakuleta neno tena. Siku ya mwisho ya kilio, majirani walikaa kwenye benchi hili wakasema: kwa wiki hii, tusaidiane. Lundi na mercredi, Jumatatu na Jumatano, mtoto awe kwa Monique. Mardi na vendredi, Jumanne na Ijumaa, awe kwa Bila Frein na mkewe Joviale. Jeudi na samedi, Alhamisi na Jumamosi, awe kwa Centimètre. Pale anapokula, ndipo analala. Hakuna aliyesema wiki hiyo imekwisha, na hivyo ilikuwa bado inaendelea.

— Juu ya nini hamukuniambia? aliuliza Monique.

— Na weye, Maman, juu ya nini hukutuambia? akajibu Bila Frein.

— Niliogopa mutasema mujane anatafuta sabuni ya bure ya Projet.

— Njo ile ile, akasema Centimètre. Nilisema, Bila Frein akisikia, atatangaza mpaka ku soko ya Miti kama fundi anajenga nyumba na mutoto ya batu bengine.

— Miye natangazaka?

— Weye unatangazaka hata na moto ikizima.

Bila Frein aliiacha ipite. Alikuwa na jambo jingine kichwani.

— Lakini bale ba ku Projet balijuaje kama ni mutoto moja? Tuko avenue moja, ndiyo, lakini Sagesse ni jina ya batoto mingi.

— Picha, akasema Centimètre. Robe ile ya bleu nilimushonea ku Noël. Iko mu picha zote tatu.

— Picha, sawa. Na nilisikia sacristain ya parokia anasema mwandiko iko moja. Miye mukono yangu si muzuri, fomu yangu niliipeleka kwa...

Bila Frein aliishia hapo. Centimètre naye akawa ameacha kunywa. Monique hakuwa na haja ya kuuliza, kwa sababu alikumbuka vizuri ni nani aliyemwandikia ya kwake, kwenye meza yenye kitambaa cha plastiki, huku akilamba ncha ya kalamu. Macho yote yakahamia kwa Préfet, ambaye alikuwa anachungulia ndani ya gobeleti yake kama mtu aliyeangusha kitu humo.

— Secret professionnel, siri ya kazi, akasema Préfet.

— Secret gani, Papa! Bila Frein akaruka. Uliandika mutoto moja mara tatu!

— Kila mutu alikuja kwangu peke yake. Kila mutu akaniambia: Préfet, usiambie mutu. Sikuambia mutu.

— Na weye mwenyewe ulikuwa unajiambia nini?

— Nilijiambia, hawa batu batatu banapenda huyu mutoto kabisa.

Hata Bila Frein alirudi kwenye gobeleti yake, akanywa mafunda mawili.

— Sawa, Centimètre akasema baadaye. Lakini ku fomu yangu uliandika alizaliwa mu juin. Ku liste nimeona kwa Chrispin njo septembre, kwa Maman Monique njo janvier.

— Kila mutu aliniletea mwezi yake. Miye nasahihishaka batoto. Sisahihishake batu bazima.

Monique aliketi kwenye kiti chake kidogo nyuma ya thermos. Kutoka pale aliona paa za mabati zikishuka moja chini ya nyingine mpaka ziwani. Mvua ya alfajiri ilikuwa imeacha ngazi zinateleza, na watu walishuka wakishika kuta za nyumba za wenzao. Alihesabu: ilibaki saa moja na nusu kabla ya mkaguzi kufika. Na alifikiri jambo ambalo wanaume wale hawakuwa wamelitaja bado, kwamba nafasi tatu zikikaliwa na mtoto mmoja, basi kuna watoto wawili mahali fulani waliobaki nje ya mlango kwa sababu ya benchi hili.

— Fomu mbili tuziondoe, akasema. Ibaki moja.

— Ibaki ya nani? aliuliza Centimètre.

Hapo ndipo kazi ilipoanza.

— Hakuna ya kuondoa, akasema Bila Frein. Tunasema biko batatu.

— Batatu gani?

— Mapacha. Sagesse ya kwanza, Sagesse ya pili, Sagesse ya tatu. Mutu ya Projet anaanzia kwa Centimètre, anamuona moja. Akitoka mulangoni, miye nimeshapakia mutoto ku moto, napita njia ya nyuma, namufikisha kwangu, anavaa robe ingine. Mutu ya Projet anatembea na miguu, na hizi ngazi zinateleza. Mbele afike kwangu, mutoto ameshakaa, anaandika devoir ya shule.

— Na jina? Préfet akauliza. Muzazi gani anapatia batoto batatu jina moja?

— Baba yao alikuwa na haraka ya kwenda Shabunda.

Monique alicheka bila kupenda, akaficha mdomo kwa ukingo wa kitenge.

— Robe naweza kushona, Centimètre akasema, tayari vidole vyake vikiwa kwenye tepu. Moja ya kijani, moja ya mistari mikubwa. Mutu akiona mistari mikubwa hakumbukake sura. Lakini batatu ni mingi, watatuuliza acte za kuzaliwa tatu. Miye naona tuseme nyumba zetu ni moja.

— Nyumba moja namna gani? Kati yako na miye kuna mufereji!

— Ni parcelle moja, kiwanja moja, vyumba biko mbalimbali. Kwa Maman Monique njo cuisine. Kwako njo garage. Kwangu njo salon.

— Na nyumba ya chef d'avenue, mukubwa ya mutaa yote, iko katikati yetu?

— Tutasema chef ni locataire, anatulipaka kodi.

— Umwambie chef kama ni locataire yako, miye nitakuwa nimesimama mbali, na moto inawaka.

Préfet alikuwa ameinua kidole tangu muda. Alikuwa na desturi ya kusubiri darasa linyamaze, na kwa kuwa darasa hili halikunyamaza kamwe, alizoea kuanza katikati ya kelele.

— Munahangaika na mutoto. Mutoto haiko problème. Problème ni mustari.

— Mustari gani tena?

— Mustari ya ine ku fomu. Imeandikwa: jina ya mutu anayelea mutoto. Iko moja. Basi nawaelezea umasikini ya dunia, musikilize, juu sitarudilia. Mutu moja kule Ulaya alikaa ku bureau akajiuliza, mutoto analelewa na batu bangapi? Akaangalia nyumba yake. Akaona moja, ao mbili kama bwana amerudi mapema. Akachora mustari moja. Ile karatasi ikapanda ndege, ikafika Kadutu. Huku mutoto iko na batu batatu. Moja anaingia ku mustari, wawili wanabaki inje ya karatasi. Mutu akibaki inje ya karatasi myaka mingi, njo anakuwa masikini.

— Miye nilikuwa masikini mbele karatasi ifike, akasema Bila Frein.

— Juu hata baba yako hakuandikwaka.

— Acha baba yangu.

— Sijamushika. Nasema hivi: baongeze mistari mbili. Mbili tu! Mu mwaka moja orphelinat zote za Afrika, nyumba za yatima, zinafungwa, hakuna mutoto ndani, kila moja ameandikwa ku batu batatu. Lakini hawaongeze. Kuna bureau kule, kazi yake ni kupima mistari. Banachunga encre, wino.

— Encre ya dunia nzima?

— Uzidishe mustari moja mara batoto milioni mia. Utaona.

Centimètre alijaribu kuzidisha. Bila Frein akasema basi na wahesabu masikini kwa chungu badala ya kichwa, kwa sababu kwake vichwa ni saba na chungu ni kimoja, na kwa hesabu hiyo Kongo ingekuwa tajiri kuliko Ubelgiji. Préfet akasema hilo nalo lilishapendekezwa, likakataliwa. Bila Frein akauliza na nani. Préfet akasema na watu wa chungu.

Monique aliwasikia kama mtu anavyosikia redio ya jirani. Aliwapenda. Lakini wao waliogopa kwamba fomu zote zingefutwa, na yeye aliogopa pia kwamba moja ingebaki. Alikuwa ameona mambo hayo kwenye avenue ya chini. Mwanamke mmoja alichukua watoto wawili wa marehemu dada yake, na majirani walimletea, huyu sombe ya majani ya muhogo, huyu kilo ya unga, huyu nguo zilizomzidi mwanawe. Siku jina lake lilipoingia kwenye orodha ya shirika jingine, mikono ikaacha kugonga mlango. Hakuna aliyemchukia. Walisema tu: yule iko na projet. Yule ameandikwa. Shirika likafunga ofisi baada ya mwaka, na mikono haikurudi.

Kwa hiyo kila mara Préfet aliposema jina moja, Monique alisikia mtu mmoja. Mjane wa miaka hamsini na minane mwenye thermos mbili angeweza siku mbili kwa wiki. Hakujua kama angeweza zote.

Mwanamke kijana alipanda ngazi akaja kusimama mbele ya benchi, mkono kiunoni, akihema. Alikuwa na begi mgongoni na matope mpaka juu ya kifundo cha mguu.

— Kawa iko?

— Iko, binti yangu. Kaa kwanza upumue, akasema Monique.

Bila Frein akasogea, akampangusia ubao kwa kiganja.

— Moto zimekukatalia, dada? Wale ni waoga. Miye ningekufikisha mpaka hapa.

— Ingefika moto. Yeye angefika? Centimètre akauliza.

— Mademoiselle ni mwanafunzi? Préfet akataka kujua. Ya université?

— Nilimaliza, Papa. Munaongea nini? Nimesikia kicheko tangu kule chini.

Walimweleza. Walimweleza vizuri sana. Bila Frein alimwonyesha njia ya nyuma ambayo pikipiki ingepita, Centimètre akamwuliza, kama mwanamke, kijani na mistari kipi kinabadilisha sura zaidi, na Préfet akaanza upya habari ya mstari, ingawa alikuwa ameapa kutorudia. Mgeni alikunywa kahawa yake pole pole. Aliuliza kidogo. Alimwuliza Centimètre mtoto analala kwake siku ngapi, na Centimètre, katika joto la maelezo, akasema mbili.

— Na mutu ya Projet akifika, Bila Frein akamalizia, weye unaweza kukaa hapa, ukasema weye ni tante yao, umetoka Katana kuwasalimia hawa mapacha. Unaonekana mutu ya kusoma, atakuamini.

— Naweza kuuliza neno moja?

— Hata kumi.

— Huyo mutoto anavaa kiatu numéro ngapi?

Lilikuwa swali dogo, na Bila Frein alifungua mdomo kulijibu. Akamtazama Centimètre.

— Kifua cinquante-huit, akasema Centimètre. Mabega vingt-neuf. Urefu ya robe soixante-dix, naachaka pindo kubwa juu anarefuka.

— Na muguu, Papa?

— Muguu siishonake.

— Miye anakaaka nyuma yangu ku moto, akasema Bila Frein. Mikono yake naijua, inanishikaka hapa ku mbavu. Miguu inabaki nyuma.

— Ku imla, dictée, alipata seize ku vingt, akasema Préfet, kwa sauti ya chini kidogo.

Mgeni akamgeukia Monique. Monique alijua kwamba mtoto huyo halali bila kufunikwa kichwa. Alijua kwamba hucheka akiwa usingizini, na kwamba maharage humuumiza tumbo yasipochemshwa mara mbili. Alitafuta miguu yake kichwani, lundi na mercredi zote za miaka miwili, akaona tu sandali za plastiki zilizoachwa mlangoni. Sandali hupokea mguu wowote. Akatikisa kichwa.

Mgeni akafungua begi, akatoa karatasi tatu, akazipanga juu ya goti lake.

— Ninaitwa Déborah, akasema. Nilifika mbele ya saa, nilitoka mapema juu ya matope. Hizi fomu nimezisoma sana. Mutoto ana miezi tatu mbalimbali ya kuzaliwa, ana nyumba tatu, analala kila fasi siku saba. Mustari ya kumi na moja, numéro ya kiatu, haina kintu ku fomu hata moja. Njo mustari pekee fomu zote tatu zinakubaliana.

Bila Frein alivua kofia yake, akaitazama ndani, akaivaa tena.

— Dada, kuhusu mapacha... akaanza.

— Nimesahau mapacha, Papa. Mutoto iko wapi?

Ilikuwa Jumamosi, siku ya Centimètre, kwa hiyo Centimètre ndiye aliyesimama na kuita kuelekea bomba la maji. Sagesse alikuja na bidon ya lita tano, akaiweka chini bila kumwaga, akasalimia kila mmoja kwa mkono, kuanzia Préfet. Déborah akamwomba alete viatu vyake vya shule. Mtoto aliwatazama watu wazima mmoja baada ya mwingine, kana kwamba anatafuta ni nani mwenye ruhusa, kisha akakimbia nyumbani kwa fundi.

Vilikuwa vyeusi, vimepakwa dawa vizuri. Namba ilikuwa imefutika ndani. Nyuma, pale kisigino kinapokaa, ngozi ilikuwa imekanyagwa ikalala chini.

— Vaa nione.

Sagesse alivivaa. Vidole viliingia, kisigino kikabaki juu ya ngozi iliyolala. Vidole vikubwa vilikuwa vimeinua kiatu mbele kama vinasukuma mlango.

— Vinakubana tangu lini?

— Tangu Pâques.

— Nani alikununulia?

— Maman.

Walidhani anamtaja Monique, na Monique mwenyewe akadhani hivyo kwa nukta moja, kabla hajaelewa. Valérie aliviona vikubwa na kuvinunua hivyohivyo, ili vikae muda mrefu. Vilikaa miaka miwili. Na katika miaka hiyo miwili, kila nyumba ilipoviona mlangoni ilimshukuru moyoni yule wa nyumba nyingine.

— Juu ya nini hukusema, mwanangu? Monique aliuliza.

Sagesse alitazama vidole vyake.

— Kula iko na siku, akasema. Kulala iko na siku. Kama nagonjwa, njo wa ile siku ananipeleka dispensaire. Biatu sikujua ni ya siku ya nani.

Kwenye ngazi mtu alipita na kreti ya nyanya kichwani, akaomba njia, akapewa. Préfet alikuwa na kidole hewani. Alikishusha.

Monique akafuta mikono yake kwenye kitenge. Alikuwa bado anaogopa kama alivyoogopa asubuhi. Lakini sasa alimwona mtoto amesimama na shida mikononi, akitembea nayo kutoka mlango hadi mlango tangu Pasaka, asijue pa kuitua.

— Andika jina yangu, akamwambia Déborah. Hizo mbili uzipasule, batoto wengine baingie.

— Maman, weye peke yako... Centimètre akaanza.

— Sijasema peke yangu. Nasema jina. Biatu, na shule, na kila kintu haina siku, aniambie miye.

Déborah alichana fomu mbili katikati. Mstari wa nne wa ile iliyobaki ulikuwa tayari na jina la Monique, kwa mwandiko wa Préfet. Akaandika pembeni kwamba amethibitisha, akaweka sahihi. Ilikuwa saa nne kasoro dakika kumi.

Sagesse alikuwa amefuata kalamu hiyo kwa macho.

— Basi mardi nitakula fasi gani? akauliza.

Hilo ndilo swali ambalo Monique alikuwa ameliogopa, na sasa limetoka kwenye kinywa kidogo, mbele ya watu wote, haliwezi kurudi. Alijitayarisha kusikia kimya.

— Swali gani hiyo? Bila Frein alifoka. Mardi njo kwangu! Joviale akisikia unauliza vile atalia. Mardi na vendredi. Projet, kama inataka siku, ikule lundi.

— Lundi ni yangu, akasema Monique.

— Na leo ni samedi, Centimètre akasema. Maharage iko ku makaa tangu saa mbili. Mademoiselle, hayo maneno pia uyaandike.

— Hakuna mustari, Papa. Iko moja, kama vile Papa alisema.

Alimwelekea Préfet kwa heshima, na Préfet akatikisa kichwa kama mtu ambaye kuwa sahihi hakumfurahishi. Kisha Monique, ambaye hakuwa amesoma zaidi ya darasa la tatu, akauliza kama upande wa pili wa karatasi una maandishi. Déborah akaigeuza. Ulikuwa mweupe wote.

Kalamu alipewa Préfet, kwa kuwa mkono ulikuwa wake tangu mwanzo. Aliweka karatasi juu ya ubao, akalamba ncha, akaandika siku kwa mpangilio, moja chini ya nyingine, na kila siku jina mbele yake. Lundi, Monique. Mardi, Chrispin. Mercredi, Monique. Jeudi, Théodore. Aliandika kwa herufi za kufundishia, kubwa na za mviringo. Vendredi. Samedi. Kisha akaandika dimanche, Jumapili, na kalamu ikasimama.

— Dimanche anakulaka wapi? aliuliza.

Wakatazamana. Bila Frein akasema dimanche huwa ni yule anayemshika mkono wakitoka misa. Centimètre akasema mara nyingi ni yeye. Bila Frein akasema si kweli. Sagesse alitazama viatu vyake.

Préfet alikaa akiitazama karatasi. Kisha akaandika Jean-Baptiste, kwa herufi ndogo kuliko nyingine zote, na akakohoa.

— Anapendaka chakula gani? akauliza bila kuinua macho.

— Sambaza ya kukaanga, na bugali ngumu, Monique akajibu.

— Wapi! akasema Bila Frein. Kwangu anakulaka sombe mpaka analamba sahani.

— Sombe anakula juu ya heshima, akasema Centimètre. Mutoto anapenda maharage.

— Maharage inamuuma tumbo! akasema Monique.

— Kwangu haijamuuma hata siku moja.

— Juu hakuambie!

Déborah aliinua gobeleti yake kuomba ya pili, na hakuna aliyemwona. Alisubiri kidogo, kisha akanyoosha mkono kuelekea karatasi yake, ambayo Préfet alikuwa ameilalia kwa kiwiko, akiandika kwenye mstari wa dimanche, mbele ya jina lake, vyakula vyote vitatu.